Jina Linalomleta Mgeni Mlangoni: Somo Kuhusu Anwani za Mtandao kwa Vyama vya Msingi



Katika ziara zangu za ukaguzi nimezoea kuuliza maswali matatu kabla ya kufungua daftari lolote: funguo za kasha anazo nani, hati ya kiwanja imehifadhiwa wapi, na sanduku la posta limelipiwa hadi lini. Siku hizi nimeongeza swali la nne, nalo aghalabu huleta kimya ofisini: jina la tovuti ya chama limeandikishwa kwa jina la nani?

Swali hilo sikulitoa kitabuni. Nilifika siku moja katika chama cha wafuga nyuki, ambacho sitakitaja kwa kuwa viongozi wake ni watu waaminifu na aibu waliyoipata inawatosha. Ghalani nilikuta ndoo za asali zimepangwa kwa utaratibu wa kupendeza, kila ndoo ina lebo yake, na chini ya lebo imechapwa anwani ya tovuti ya chama. Nikatoa simu yangu na kuiandika anwani ile herufi kwa herufi. Ukurasa uliofunguka ulikuwa wa kamari, tena kwa lugha ya kigeni. Katibu alidhani nimekosea kuandika. Tukarudia mara tatu, mara ya mwisho akiandika mwenyewe, na mara zote tukaishia kwenye kamari.

Tulipochunguza, mambo yalikuwa hivi. Kijana aliyewatengenezea tovuti aliliandikisha jina kwa jina lake mwenyewe na kwa barua pepe yake mwenyewe. Hakuwa na nia mbaya. Hakuna aliyemwambia afanye vinginevyo. Baadaye akahamia mji mwingine kutafuta maisha. Ilani za kulipia ada ya mwaka zikawa zinamfikia yeye, naye hakuzijali, kwani kazi ile alikwisha kulipwa na kuisahau. Ada haikulipwa, muda ukapita, jina likaachwa wazi, na mtu asiyejulikana akalichukua. Chama kiligundua siku ile mimi niliposimama ghalani, ingawa mnunuzi mmoja wa Dar es Salaam alikwisha kupiga simu wiki kadhaa nyuma kuuliza kama wafuga nyuki wameingia biashara ya kamari, na karani akadhani anataniwa. Huyo alipiga simu. Wale walioona kamari wakaifunga na kwenda kununua asali kwa mtu mwingine hawakutuachia hesabu yao.

Hapana budi mwanachama aulize: mcheza kamari wa nchi za mbali anataka nini na jina la wafuga nyuki wa Tabora? Asali haitaki. Anachotaka ni watu. Jina lile lilikuwa limechapwa kwenye ndoo na kalenda, likatajwa redioni na kuandikwa ubavuni mwa gari. Kila aliyelisoma huko aliweza kuliandika katika simu yake na kufika bila kuuliza njia. Wageni hao waliendelea kuja hata baada ya mwenye nyumba kuhama, na aliyechukua jina aliwapokea bure. Wapo watu duniani ambao riziki yao ni hiyo tu: kuvizia majina yaliyosahauliwa, ili wavune wageni walioletwa na jasho la wengine.

Ili tuelewe jinsi mgeni anavyofika, tutazame kwanza anwani yenyewe. Kila kompyuta inayohifadhi tovuti hutambulikana kwa tarakimu, kama sanduku la posta. Lakini nani atakumbuka tarakimu ndefu za kila mahali anapotaka kwenda? Hapo mwanzo majina yote ya kompyuta zilizounganishwa yaliwekwa katika orodha moja tu, iliyotunzwa katika ofisi moja huko California, na kila mwenye kompyuta alinakili orodha hiyo. Wenzangu mliowahi kutunza rejista ya wanachama kwa mkono mnafahamu mwisho wa orodha ya namna hiyo. Mwaka 1983 Paul Mockapetris alibuni utaratibu mpya, ambao ndio tunaoutumia hadi leo: orodha ikagawanywa, kila mkubwa akatunza majina ya walio chini yake tu.

Anwani ya mtandao basi husomwa kutoka kulia kwenda kushoto, kama karani wa posta anavyosoma bahasha kuanzia chini: kwanza Tanzania, kisha Tabora, ndipo nambari ya sanduku. Mtu akiandika anwani inayoishia na .co.tz, simu yake huwaachia watoa huduma kazi ya kuuliza. Nao, kama jibu hawanalo tayari, huuliza kwa wakuu wa majina yote ni nani anayetunza .tz, wakishaelekezwa, huuliza huko ni wapi palipo na orodha ya.co.tz; na mwisho huuliza jina la chama lina tarakimu zipi. Safari hii yote huchukua muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Jina likikutwa katika orodha, mgeni anafikishwa mahali palipoandikwa. Orodha haiulizi kama mwenye jina wa leo ndiye aliyekuwa mwenye jina mwaka jana.

Mkia wetu wa .tz ulikabidhiwa Tanzania mwaka 1995, na mwaka 2006 kikaundwa kituo cha tzNIC kwa ajili ya kuusimamia, kwa ushirikiano wa mamlaka ya mawasiliano, yaani TCRA, na chama cha watoa huduma za intaneti. Mwananchi huandikisha jina kwa kupitia msajili aliyeidhinishwa. Jina halinunuliwi likawa la milele. Hukodishwa kwa mwaka au miaka, na ada yake ya mwaka haifikii hata bei ya debe moja la asali. Kwa hiyo ufananisho wa sanduku la posta unasimama hadi mwisho: usipolipa kodi, sanduku hupewa mwingine. Tofauti ni kwamba katika posta karani anakujua, naye pengine atakuonea haya kabla ya kubadilisha kufuli.

Sasa turudi nyumbani, maana watu wa Tabora walilijua jambo hili la majina kabla mtandao haujafikiriwa. Njia ya misafara ilitoka Bagamoyo na bandari jirani, ikapita Ugogo, ikafika Unyanyembe, na hapo ikagawanyika: magharibi kwenda Ujiji, kaskazini kwenda Karagwe na Buganda, kusini-magharibi kwenda Ufipa na mbele yake. Mpagazi wa Kinyamwezi aliyekuwa pwani hakuhitaji ramani. Alibeba jina. Unyanyembe ilitajwa pwani na kila aliyekwisha kwenda, na kwa kutajwa huko mfanyabiashara ambaye hajawahi kuvuka hata mto mmoja wa bara aliweza kuondoka akijua aendako.

Burton na Speke waliondoka pwani mwezi Juni 1857 wakafika hapa tarehe 7 Novemba mwaka huo. Waliporudi kwao waliandika kwamba mahali walipofikia paitwa Kazeh, na jina hilo likachapwa katika vitabu na ramani za Ulaya. Leo simama katika stesheni ya reli uulize abiria njia ya kwenda Kazeh, uone atakavyokutazama. Jina lililodumu ni Tabora, ambalo wenyeji husimulia kuwa lilitokana na matobolwa, yale matandu ya viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, ambayo msafiri aliyabeba kuwa chakula cha njiani. Jina la ramani lilikuwa na wachapaji na wasomi nyuma yake, na jina la viazi lilikuwa na watu wa kulitamka. Reli ilipofika mwaka 1912, na ilipoendelea hadi Kigoma mwaka 1914, jina lililoandikwa kwenye stesheni ndilo hilo la midomoni.

Ipo habari nyingine ya njia hiyo inayotufaa zaidi. Mwaka 1871 Mtemi Mirambo alipopigana na wafanyabiashara wa Kiarabu wa Tabora, njia ya moja kwa moja kwenda Ujiji ilifungwa, na misafara iliyotaka kufika ziwani ikalazimika kuzunguka kusini. Aliyezoea kupita kwa Mirambo alitambua siku hiyo kwamba njia ina mwenyewe.

Katika mtandao nako mgeni hutufikia kwa njia kuu tatu. Huja kwa kufuata kiungo alichokikuta katika ukurasa wa mtu mwingine. Huja kwa kuuliza mitambo ya kutafutia kama Google. Au huja kwa kuandika anwani yetu yeye mwenyewe. Njia mbili za kwanza zina wenyewe. Mwenye ukurasa aweza kufuta kiungo, na mwenye mtambo aweza kuwaweka wengine mbele yetu kwa sababu wamelipia tangazo. Mgeni wa njia ya tatu haji kwa hisani ya mtu. Anakuja kwa kuwa jina letu lilimkaa kichwani au lilikuwa mbele ya macho yake kwenye ndoo. Aghalabu huyo ndiye mnunuzi mwenye haja, maana hakuna anayejisumbua kuandika anwani ndefu kwa kidole kwa ajili ya mchezo.

Nisiwadanganye kwamba wageni wa aina hii ni wengi kama zamani. Vivinjari vya leo vimeunganisha mahali pa kuandika anwani na mahali pa kutafutia. Chrome ilikuja na utaratibu huo tangu 2008. Mtu akiandika jina la chama bila mkia wake, hatafikishwa kwetu bali kwa mtambo wa kutafutia, na huko atapewa orodha ambayo sisi tunaweza kuwa wa kwanza au wa kumi. Kwa sababu hiyo nasisitiza kwamba katika lebo na mabango anwani ichapwe kamili pamoja na mkia wake, wala isikatwe kwa ajili ya urembo.

Thamani ya wageni wanaoandika wenyewe wafanyabiashara wa Marekani waliitambua mapema. Mwaka 1999 jina business.com liliuzwa kwa dola milioni 7.5, kwa hoja kwamba mtu anayetafuta mambo ya biashara ataandika neno hilo tu na kuongeza mkia. Wengine walivuna hata makosa ya vidole. Mkia wa nchi ya Kamerun ni .cm, na mtu aliyekusudia .com akisahau herufi moja anajikuta Kamerun. Mwaka 2006 mkia huo ulipangwa kiasi kwamba jina lolote lililoishia .cm ambalo halikuandikishwa na mtu lilimpeleka mgeni kwenye kurasa za matangazo, na kila aliyeteleza kidole akawa mapato ya mtu mwingine. Tazameni basi: herufi moja iliyosahauliwa na watu wengi ni shamba linalolimika.

Jambo hilo latugusa sisi wa Unyamwezi kuliko tunavyodhani, kwani hapa kosa si la kidole tu bali la ulimi. Kiswahili kina neema ya kuandikwa kama kinavyotamkwa, lakini wengi wetu tuliokulia katika Kinyamwezi na Kisukuma twachanganya l na r bila kujua. Mzee akimtajia mjukuu wake anwani kwa simu, asali yaweza kuandikwa asari. Mfano mkubwa tunao mbele yetu kila siku: mtemi yule yule vitabu humwandika Mirambo, wilaya yake ni Urambo, na shule ya sekondari ya hapa mjini ni Milambo. Chama kitakachojipa jina lake mtandaoni kitawapoteza wageni wa upande mmoja, isipokuwa kiandikishe tahajia zote mbili na kuzielekeza mlango mmoja. Ada ni mara mbili, lakini ni nafuu kuliko kumfundisha kila mnunuzi tahajia.

Nimekuta pia vyama vilivyojipa majina ya herufi za kwanza tu, nane au tisa mfululizo, ambazo hata katibu huzisoma kwenye mhuri kabla ya kuzitaja. Vingine vimeweka vistari katikati ya maneno. Jaribu kumwambia mtu kistari kwa simu ukiwa juu ya lori la Sikonge. Kinyume chake, tazameni Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Tovuti yake ni ushirika.go.tz. Mwanachama ambaye hajawahi kuelezwa anwani hiyo, akijua tu kwamba mambo ya serikali huishia .go.tz, aweza kuibahatisha mara ya kwanza. Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi, ambacho nakiheshimu sana, ni mocu.ac.tz, lakini mzee aliyesoma pale zamani na anayekiita hadi leo Chuo cha Ushirika hataifikia kwa kubahatisha. Kipimo changu ni rahisi. Mwite mtoto wa darasa la tano, mtamkie jina mara moja, umpe kalamu. Akiliandika sawasawa, jina linafaa.

Kuhusu mkia, vyama vingi vinavyouza bidhaa huchukua .co.tz, na visivyo vya biashara huchukua .or.tz. Upo pia mkia wa wanaushirika wa dunia nzima, .coop, uliokubaliwa mwaka 2000 na kuanza kutumika 2002, ambao hupewa vyama vya ushirika na taasisi zake tu. Muungano wa Kimataifa wa Ushirika wenyewe hutumia ica.coop. Moyo wangu wa ushirika unaupenda mkia huo. Akili yangu ya ukaguzi inaniambia kwamba mnunuzi wa Kariakoo, mkono wake umezoea .com na .co.tz, naye ataandika alichokizoea. Chama chenye soko la ng'ambo kitafakari .coop, chenye soko la nchini kianze na.co.tz. Na mkia wowote tuuchukue tukijua kwamba nao una mwenyewe: majirani zetu wa ng'ambo ya ziwa walitumia .zr wakati nchi ikiitwa Zaire, nchi ikabadili jina 1997, na mkia ule ukafutwa 2001 baada ya .cd kuchukua mahali pake.

Baadhi yenu mtauliza kama chama cha wakulima wa tumbaku kinahitaji mambo haya. Kwa kuuzia tumbaku, sidhani. Kampuni zinazonunua tumbaku zina leseni, mikataba na siku za masoko, wala hakuna mnunuzi atakayeandika anwani usiku akitafuta marobota. Fedha ya tovuti katika chama cha namna hiyo heri iende kwenye mabani na miche. Lakini asali, karanga, mpunga na alizeti vinatafuta wanunuzi wadogo wengi, na hapo jina ni mtaji. Hata chama cha tumbaku kikifungua tovuti kwa ajili ya kuwapasha habari wanachama wake, jina hilo lalindwa kwa masharti yale yale.

Masharti hayo si mageni kwetu. Jina liandikishwe kwa jina la chama kama lilivyo katika hati ya kuandikishwa kwake, si kwa jina la fundi, wala katibu, wala mtoto wa mwenyekiti. Barua pepe ya kupokelea ilani iwe ya ofisi, na zaidi ya kiongozi mmoja wajue kuifungua. Nywila ya akaunti ya msajili itiwe katika bahasha iliyofungwa kwa lakiri na kuwekwa kasha moja na hati ya kiwanja, na fundi akibadilishwa, nywila ibadilishwe siku hiyo hiyo. Ada ilipwe kwa miaka kadhaa kwa pamoja kama msajili anaruhusu, na tarehe ya ukomo iandikwe ukutani penye kalenda ya mikutano. Mwisho, jina liingizwe katika daftari la mali za kudumu. Hapa hubishana na wenzangu wa hesabu wasemao kwamba kitu kisichoshikika hakina mstari katika daftari hilo. Nawajibu kwamba kama ndoo ya plastiki ina mstari wake, jina lililoandikwa juu yake nalo lipewe.

Wale wafuga nyuki walijaribu kumwandikia mwenye jina mpya, naye akataka bei ambayo Bodi haikuthubutu kuipeleka Mkutano Mkuu. Wakaandikisha jina jingine, safari hii kwa jina la chama. Nilipopita tena, niliwakuta akina mama wawili ghalani na kalamu za wino mzito, wakiifuta anwani ya zamani kwenye lebo moja baada ya nyingine. Ndoo zilizokwisha kuuzwa ziko majikoni mwa watu hadi leo na anwani ile, na wenye nazo wakiishiwa asali wataisoma.

Maswali ya kujadili katika vikundi vya mafunzo: Je, chama chetu kina jina mtandaoni, na limeandikishwa kwa jina la nani? Ni nani hupokea ilani ya kulipia ada, na akiondoka leo nani ataipokea? Ada inakwisha tarehe gani? Jina letu likitamkwa mara moja kwa simu, mwanachama wa Ussoke, Sikonge na Kaliua ataliandika kwa namna ngapi? Orodhesheni vitu vyote vilivyochapwa anwani yetu ambavyo haviwezi tena kurudishwa ghalani.